Serikali na familia: Wajibu unaanzia wapi na kukomea wapi?

FAMILIA ndiyo shule ya kwanza ya mtoto, zahanati ya kwanza ya mgonjwa na hazina ya kwanza ya asiyenacho. Kabla serikali haijawa na wizara, na kabla wizara haijawa na bajeti, aliyeugua aliuguzwa na jamaa zake, yatima alilelewa na ami au shangazi, na mkongwe alilishwa na wanawe. Wahenga walilifupisha fundisho hilo waliponena kuwa mkono mmoja haulei mwana.

Hata hivyo, mikono iliyokuwa ikilea imepungua. Wazazi wengi wameyahama makwao kutafuta riziki mijini, mashamba ya urithi yamegawanywa hadi yakawa vipande visivyoweza kulisha nyumba moja, na gharama ya karo na matibabu imepita uwezo wa ukoo. Kisha ukaja Ukimwi, ambao Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Vijijini, nyanya waliotarajia kutunzwa uzeeni walijikuta wakianza upya kazi ya ulezi, safari hii wakiwalea wajukuu walioachwa na wana waliozikwa.

Hapo ndipo swali la wajibu wa serikali lilipoacha kuwa la vitabuni likawa la jikoni. Je, serikali inapaswa kuisaidia familia kwa kiasi gani, kwa njia zipi, na ni wapi inapopaswa kukoma ili isije ikachukua nafasi ya mzazi?

Katiba yasemaje?

Msingi wa jibu umo katika Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Kifungu cha 45 kinaitambua familia kuwa kitengo cha asili na cha msingi katika jamii, na kinaagiza kuwa itambuliwe na kulindwa na Dola. Kifungu hicho hicho kinasema mume na mke wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa na ndoa inapovunjika.

Vifungu vingine vinaujenga wajibu huo hatua kwa hatua. Kifungu cha 43 kinaitaka Dola iwape hifadhi ya jamii watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao, afya, na malezi ya baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Nacho Kifungu cha 57 kinasema wazee wapate matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Dola.

Msomaji azingatie mpangilio wa maneno hayo ya mwisho. Katiba haikumtoa mwana katika wajibu wa kumtunza mzazi wake, wala haikuiruhusu Dola kumwachia mwana mzigo wote. Iliwaweka pamoja. Sheria na mipango mingi iliyofuata ni juhudi za kuugawa mzigo huo kwa haki.

Kutoka harambee hadi Inua Jamii

Kwa miongo mingi baada ya uhuru, msaada kwa familia zilizolemewa ulitegemea harambee, makanisa, misikiti na huruma ya majirani. Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, na ile ya bima ya hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ziliwalenga kwanza wenye mishahara. Mkulima mdogo, mvuvi na mchuuzi walibaki nje ya ua.

Mwaka 2004 serikali ilianza kwa majaribio mpango wa kuzipa fedha taslimu familia zinazowalea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Majaribio hayo yalihusu takriban familia 500 katika maeneo ya Garissa, Kwale na Nairobi, na kila familia ilipewa Sh500 kwa mwezi. Wapo waliouliza iwapo fedha hizo hazingeishia kwenye ulevi. Tathmini zilizofanywa baadaye zilionyesha kinyume: familia zilizosaidiwa zilitumia zaidi kwa chakula na afya, watoto wengi zaidi walijiunga na shule za upili, na vijana wa nyumba hizo walichelewa kuanza ngono wakilinganishwa na wenzao wasiosaidiwa.

Matokeo hayo yaliufungulia njia mpango mpana. Wazee waliokuwa maskini walianza kulipwa katika nusu ya pili ya muongo huo. Familia za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zilipata mpango wao wa kukabiliana na njaa, na watu wenye ulemavu mkubwa wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mipango hii iliunganishwa kwa jina la Inua Jamii. Mwaka 2018 serikali ilipiga hatua kubwa zaidi ilipoamua kumlipa kila Mkenya aliyetimiza umri wa miaka 70 asiyepokea pensheni, bila kuuliza kwanza kama ni maskini. Leo wanaonufaika na Inua Jamii ni zaidi ya milioni moja.

Kiwango cha kawaida ni Sh2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingi hulipwa kwa pamoja za miezi miwili. Kwa mwenye mshahara, hicho ni kiasi cha kupuuzwa. Kwa nyanya asiye na ng'ombe wala kibarua, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Fedha hizo humwezesha kukopa dukani akijulikana kuwa atalipa, kununua sare ya mjukuu, na kuketi barazani bila kuonekana ombaomba.

Elimu: Mzigo ulioondolewa nusu

Hakuna jambo lililowagusa wazazi wa Kenya kama karo. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo katika madarasa ya chini ya shule za msingi mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1979 utawala wa Rais Moi ukawapa wanafunzi maziwa ya Nyayo. Lakini sera ya kuchangia gharama, iliyoshika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, ilimrudishia mzazi mzigo huo.

Januari 2003 utawala wa Rais Mwai Kibaki ulifuta karo katika shule za msingi za umma na kutenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka uliofuata. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret, ishara kuwa kiu ya elimu ilikuwa imezuiliwa na umaskini, si uvivu. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya shule za upili kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi, na mwaka 2018 kiwango hicho kikapandishwa hadi Sh22,244.

Pamoja na hayo, neno 'bure' halijawahi kutimia. Sare, madaftari, chakula cha mchana na karo ya bweni vimebaki mabegani mwa mzazi. Mgao wa serikali nao aghalabu huchelewa au hufika ukiwa pungufu, na mwalimu mkuu anapokosa fedha za kununua chaki na kulipa wapishi, barua huandikwa kwa mzazi. Ndiyo maana foleni za basari katika ofisi za maeneobunge na kaunti hazipungui.

Chakula shuleni kimekuwa msaada usiopigiwa kelele nyingi. Mzazi wa mtaa wa mabanda anayejua kuwa mwanawe atakula adhuhuri huamka na wasiwasi mmoja pungufu. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambamo mzazi huchangia Sh5 kwa mlo na gharama nyingine hubebwa na kaunti na washirika wake. Ni mfano mzuri wa mzigo uliogawanywa: mzazi hakutolewa katika wajibu, wala hakuachwa peke yake.

Uzazi na afya

Mnamo Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma. Kabla ya hapo, wapo waliojifungulia nyumbani kwa kuogopa bili, na wapo waliozuiliwa hospitalini wakiwa na vichanga kwa kushindwa kulipa. Baadaye huduma hiyo iliwekwa chini ya NHIF kwa jina la Linda Mama.

Oktoba 1, 2024, NHIF iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake bila ukomo wa juu. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, na mchango wa chini kabisa uliwekwa kuwa Sh300 kwa mwezi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya zinagharamiwa na hazina maalumu ya serikali, lakini gharama za kulazwa hulipwa tu iwapo michango imetolewa.

Mabadiliko hayo yana faida na hatari zake. Faida ni kuwa tajiri sasa huchangia zaidi kuliko mlalahoi. Hatari ni kuwa kanuni zilimtaka mchuuzi wa mboga au mwendeshaji wa bodaboda atoe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali yeye hupata riziki yake kwa siku. Sheria ya mwaka 2023 iliyoianzisha bima hiyo inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza. Mama mjamzito asiye na kitu ndiye kipimo cha sheria hiyo: akifika hospitalini saa nane za usiku akapokelewa, sheria imefanya kazi; akirudishwa kwa sababu ya mchango, karatasi imebaki karatasi.

Kazi na malezi

Zamani mwanamke aliyeajiriwa alipewa likizo ya uzazi ya miezi miwili, lakini akaipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni mapumziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliondoa adhabu hiyo. Ilimpa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Mwaka 2021 iliongezwa likizo ya mwezi mmoja kwa anayejiandaa kuasili mtoto, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyeshea kazini.

Kasoro ni mbili. Kwanza, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wamo katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga hana mwajiri wa kumwomba likizo. Siku asiyofungua kibanda ni siku ya njaa. Pili, mshahara wa likizo hulipwa na mwajiri peke yake, jambo linaloweza kuwafanya baadhi ya waajiri wasite kuwaajiri wanawake vijana. Rwanda ilipata njia mwaka 2016 ilipoanzisha mfuko wa likizo ya uzazi unaochangiwa na mwajiri na mfanyakazi, ili mzigo wote usimwangukie mwenye kampuni. Kenya inaweza kujifunza kwa jirani.

Ndoa, mali na matunzo ya mtoto

Serikali pia huisaidia familia kwa kuweka kanuni za haki ndani yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, ikaagiza zote zisajiliwe, na ikaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa au kuolewa. Cheti cha ndoa huonekana kitu kidogo hadi siku ya matanga, mjane anapoambiwa na mashemeji kuwa hakuwa mke.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kuwa kupika, kulea na kulima shamba la familia ni mchango sawa na fedha. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa usawa unaotajwa na Katiba haumaanishi mali kugawanywa nusu kwa nusu papo hapo. Kila upande huangaliwa ulichangia nini.

Kuhusu watoto, Sheria ya mwaka 2001 ilimtwika mama wajibu wa kwanza iwapo hakuwa ameolewa na baba wa mtoto. Katiba ya 2010 iliuvunja mwanya huo, nayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikauziba kabisa. Baba hawezi tena kusema, "Sikukuoa." Mahakama ya watoto inaweza kumwagiza atoe matunzo.

Mtoto arudi nyumbani

Badiliko jingine kubwa linahusu nyumba za kulelea watoto. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa mtoto wa familia maskini husaidiwa kwa kupelekwa katika makao ya watoto. Lakini wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai. Kilichowatoa nyumbani ni ufukara, si upweke. Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia.

Sheria ya 2022 inatambua ulezi wa jamaa pamoja na kafala, njia ambayo Mwislamu humlea mtoto aliyekosa familia bila kumbadilisha nasaba. Kwa wakazi wa Pwani na Kaskazini Mashariki, hili ni jambo walilolizoea tangu jadi; sasa lina nguvu ya sheria.

Mkakati huo utafaulu iwapo tu fedha zitamfuata mtoto. Kumwondoa mtoto katika makao anakokula mara tatu na kumrudisha kwa shangazi asiye na unga ni kumhamisha kutoka upungufu mmoja hadi mwingine. Inua Jamii, basari na bima ya afya ndizo nguzo za kumfanya shangazi huyo aweze.

Mipaka ya serikali

Baadhi ya watu huhofia kuwa serikali ikitoa sana, jamaa watazembea. Wao hukumbusha kuwa mtegemea cha ndugu hufa maskini. Hofu hiyo ina uzito, lakini Sh2,000 kwa mwezi ni chini ya Sh70 kwa siku. Haziwezi kumfanya mtu aache jembe. Mara nyingi fedha hizo huwafanya jamaa wachangie zaidi, kwani ni rahisi kuongeza juu ya kitu kuliko juu ya hewa.

Kwa upande mwingine, upo msemo wa mitaani kwamba mambo ya nyumbani hayaingiliwi. Sheria inakataa. Pale ambapo nyumba imegeuka mahali pa kipigo, ukeketaji au ndoa ya mtoto, serikali haina budi kubisha hodi. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2011 na ile ya kuzuia dhuluma za nyumbani ya mwaka 2015 zilitungwa kwa sababu hiyo. Faragha ya familia ni ngao ya wote waliomo, wala si pazia la kumfichia mwenye nguvu.

Baina ya pande hizo mbili kuna eneo ambalo serikali haiwezi kuingia hata ikitaka. Haiwezi kumpenda mtoto, kumpa maadili, wala kuketi na mzee jioni akasimulia. Inachoweza ni kumwondolea mzazi hofu ya njaa, maradhi na karo, ili apate nafasi ya kuyafanya hayo.

Panapovuja

Ukosoaji mzito zaidi dhidi ya Inua Jamii unahusu thamani na wakati. Kiwango cha Sh2,000 kimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, huku bei zikipanda bila kusubiri. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita Sh200; kwa bei hiyo, msaada wa mwezi mzima haukununua hata pakiti 10. Malipo nayo yamekuwa yakichelewa kwa miezi, na mzee aliyekopa dukani kwa kuitegemea ahadi ya serikali hugeuka mdaiwa asiyeaminika.

Isitoshe, fedha zinazotolewa kwa mkono mmoja wakati mwingine huchukuliwa kwa mwingine. Mwenye mshahara mdogo hukatwa kodi, SHA, NSSF na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, kisha hulipa ushuru wa bidhaa kila anunuapo. Sera ya familia haipimwi kwa bajeti ya wizara moja tu; hupimwa kwa kinachosalia mezani.

Marekebisho yanayohitajika hayahitaji miujiza. Kiwango cha msaada kifungamanishwe na bei za vyakula, tarehe ya malipo iwekwe na kuheshimiwa, mchango wa SHA wa wasio na mshahara uweze kulipwa kidogo kidogo, na wajawazito maskini walipiwe kabla hawajafika mlango wa hospitali.

Anayehitaji msaada aanzie wapi?

Mlango wa kwanza ni wa naibu wa chifu au chifu. Huko ndiko usajili wa Inua Jamii hutangazwa barazani, na huko ndiko mtoto aliyezaliwa nyumbani huripotiwa ili apate cheti cha kuzaliwa. Uzazi unaoripotiwa baada ya miezi sita huhesabiwa umechelewa na huhitaji ushahidi zaidi, kwa hivyo mzazi asikawie. Mlezi wa yatima ahifadhi kitambulisho chake, vyeti vya watoto na vyeti vya vifo vya wazazi.

Mzozo wa matunzo ya mtoto hupelekwa kwa afisa wa watoto wa eneo, ambaye anaweza kuwapatanisha wazazi kabla ya kesi kufika mahakamani. Mtoto anayedhulumiwa aripotiwe kupitia nambari ya simu 116, ambayo haitozwi malipo.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Familia imeleta kinga chake kwa vizazi vingi, hata pale ambapo nyanya wa miaka 70 ndiye aliyebaki kukishika. Serikali nayo iliandika ahadi yake katika Katiba kwa kura ya wananchi wenyewe. Waungwana husema ahadi ni deni, na deni hili linadaiwa na wenye umri wa siku moja pamoja na wasio na miaka mingi ya kungoja.